Belyse na Ringi ya Mashariki

Mwalimu Shafii, aliyepokea filimbi yangu nilipostaafu, ameniomba niwaandikie walimu vijana wa michezo niliyoyaona kazini. Nadhani alitaka mbinu. Mbinu ninazo chache, na nyingi kati ya hizo siku hizi mnazo kwenye simu zenu. Nitaandika basi nilivyoanza, aliyenifundisha, mtoto mmoja niliyemkosea, na mwingine ambaye nusura nimkosee kwa njia iliyo kinyume. Madaraja na vyeo nitaviruka. Havikuwa vingi, na havikuwahi kufunga goli.

Nilifika shuleni kwetu, huku juu kati ya Soni na Lushoto, nikiwa mwalimu wa jiografia. Mkuu wa shule wa wakati ule alinitazama kuanzia viatuni mpaka utosini, akasema, "Wewe ni mrefu. Utafundisha na kikapu." Huo ndio uliokuwa usaili wangu. Nilikuwa sijawahi kuushika mpira wa kikapu maishani. Niliokabidhiwa ulikuwa umevimba upande mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Ukiudundisha, unakwenda unakotaka wenyewe. Wasichana walinicheka siku nzima. Nami nilikuwa nimevaa tai.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Shemboko, fundi wa useremala aliyekuwa akifundisha michezo kabla yangu. Alikuwa mfupi, mpole, Mlutheri wa kukaa kiti cha mbele, na hakuwahi kupandisha sauti uwanjani. Alinifundisha kumwaga vumbi la mbao kwenye sakafu asubuhi, maana ukungu wa huku ukilala juu ya saruji, msichana anateleza na mkono unavunjika. Alinifundisha kutazama miguu kabla ya mikono. Na alinifundisha daftari. Kila mchezaji ukurasa wake: mipira aliyotupa, mipira iliyoingia, ya mazoezi kwa wino wa bluu, ya mechi kwa wino mwekundu.

"Kwa nini nisitazame tu?" nilimuuliza. "Mtu akicheza vizuri si anaonekana?"

"Jicho likipenda, halihesabu," akanijibu, akaendelea kuchonga penseli yake kwa patasi.

Niliyaelewa maneno yale baada ya yeye kustaafu, na nilichelewa. Tulikuwa na msichana anaitwa Zaina, mama yake akiuza kabichi na karoti pale sokoni Soni. Zaina alicheza kwa namna iliyonifurahisha, na nilipofurahi nikaacha kuandika. Timu moja ya mjini ilipouliza habari zake, nilimsifia mpaka nikakauka koo. Wakamchukua akiwa kidato cha tatu. Kule mjini wakagundua upesi nisilolitazama mimi: alikuwa hodari mbele ya watoto wa milimani, basi. Walimkalisha benchi msimu mzima, kisha wakamrudisha. Shule alikuwa ameshaiacha. Siku moja nilipita sokoni nikamkuta kando ya mama yake. Alinisalimu kwa adabu zote, akanichagulia peasi nzuri nzuri, akanifungia. Alikuwa na ndoto ya unesi. Hakunilaumu hata kwa jicho, na zile peasi sikuweza kuzila.

Tangu siku hiyo nikawa mtu mgumu wa kusifu. Walimu wenzangu waliniita Bwana Bado, kwa sababu kila nilipoulizwa juu ya mchezaji, nilijibu, "Bado." Nawaambieni haya ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani Belyse alipokuja.

Alikuja katikati ya mwaka, wakati wa baridi, akitokea Bujumbura. Mama yake mdogo, Josiane, alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya huku na alimleta asome kwetu, alale bwenini na likizo akae naye. Msichana alikuwa mrefu kupita mlango wa ofisi yangu, amevaa sweta jepesi la mtu asiyeambiwa habari za Usambara. Aliingia, akanyoosha mkono kwa furaha.

"Jambo, mwalimu!"

Wasichana waliokuwa dirishani walishika midomo. Huku kwetu mtoto hamwambii mtu wa umri wangu jambo. Niliuacha mkono wake ukining'inia kidogo, nikamweleza kuhusu shikamoo. Alisikiliza kwa makini sana, akauliza, "Na wewe utanijibu nini?" Nikamwambia marahaba. Basi akatoka nje, akabisha hodi upya, akaanza mwanzo. Nilijikaza nisicheke mpaka alipoondoka.

Uwanjani hakunifurahisha. Niliandika siku ile: Mrefu. Anakimbia vizuri. Mchoyo. Hasikii. Mpira ukimfikia haukutoka tena. Alidunda mpaka akazungukwa, akatupa kwa mikono miwili kama anayemwaga maji, ukakosa. Alilalamika kwamba wenzake hawampatii mpira. Wenzake walilalamika kwamba wakimpa ndiyo kwaheri. Kibaya zaidi, wasichana wetu wakiwa na haraka uwanjani huitana Kishambaa, naye hakujua hata neno moja. Alisimama katikati yao kama mgeni msibani.

Mvua za masika zilizofuata zilitufanyia vitimbi. Mlima ulishusha maji yakapita upande wa mashariki wa uwanja, yakachimba saruji. Wazazi walikuja kwa siku kadhaa na mawe, mchanga na saruji, wakaujenga upya upande ule vizuri kabisa. Mama mmoja alibeba mawe huku mjukuu yuko mgongoni. Mazoezi yakaanza tena, na hapo ndipo Belyse alipoanza kufunga.

Alifunga, jamani. Alirusha kwa mkono mmoja sasa, kama nilivyomfundisha, na mpira ulizama. Siku moja aliruka akaishika ringi, akaning'inia, na shule nzima ikapiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Mwalimu Shafii, kijana wa biolojia aliyekuwa msaidizi wangu, alikuwa na simu mkononi. Shafii, nikikutaja humu usinune, ulikuwa na nia njema. Alizirusha picha zile mtandaoni akampa msichana jina la Twiga wa Usambara. Baada ya wiki chache watu tusiowajua walikuwa wakitupigia shule kumuuliza. Kisha akapiga kocha wa kituo kimoja cha kukuza vipaji Dar es Salaam, mama anaitwa Mwasiti. Alisema atapanda mwenyewe aje kumwona mfungaji huyu, na akimridhisha atampa nafasi ya kusoma na kucheza huko huko.

"Mwalimu Singano," Shafii akaniambia, macho yanang'aa, "safari hii hutasema bado!"

"Bado," nikasema.

Alikasirika, na sikumlaumu. Lakini daftari langu lilikuwa na jambo. Wino wa bluu wa Belyse ulikuwa wa ajabu. Wino mwekundu ulikuwa ule ule wa zamani. Tulishuka Mombo kucheza, akakosa mipira mingi. Shafii akasema ni joto na zile kona za Soni, mtoto alitapika njiani. Tukaenda shule nyingine huku huku juu, hakuna joto, hakuna kona, akakosa vilevile. Shafii akasema ni bahati mbaya. Walimu wengine walianza kunong'ona kwamba mzee anakaribia kustaafu na anamwonea mtoto wivu. Nilikwenda kulala na neno hilo likinichoma, kwa kuwa sikuwa na hakika kwamba ni uongo.

Asubuhi moja kabla ya paredi nilikuwa namwaga vumbi la mbao, nikagundua kwamba upande wa mashariki ninapita chini ya ringi nikiiona karibu kuliko ya magharibi. Nikaenda karakana ya useremala, nikaazima ngazi na futi ya kupimia. Ringi inatakiwa iwe mita tatu na sentimita tano kutoka sakafuni. Ya magharibi ilikuwa sawa. Ya mashariki ilikuwa imepungua shubiri nzima. Wazazi wetu wema walikuwa wameinua sakafu, na nguzo ikabaki pale pale. Na mazoezi yote ya kufunga, na picha zote za Shafii, zilikuwa za upande ule, kwa sababu ndiko jua la jioni halikupigi machoni.

"Mwalimu, shikamoo. Unapima nini?"

Nilitazama chini. Belyse alikuwa ameshika ngazi isiteleze. Ningeweza kumdanganya. Nilishuka, nikampa futi, nikamwambia apime mwenyewe. Alipanda, akapima mara mbili, akashuka taratibu.

"Kwa hiyo miye ni uongo," alisema.

"Hujadanganya mtu."

"Lakini watu wote wanaongea Twiga, Twiga." Alifuta mikono kwenye sketi. "Kumbe wanaongea juu ya saruji."

Kengele ya paredi ikaniokoa.

Shafii nilipomwambia, aliniomba kitu ambacho hata leo sikioni kuwa kiovu. "Wiki ijayo tu kocha anakuja. Tusiiguse ringi mpaka aondoke. Akishampa nafasi, huko atajifunza. Ni mtoto wa ugenini, Mwalimu, nafasi kama hii haiji mara mbili." Nawaambieni ukweli: nilitamani kukubali. Nilikuwa nabakiza muhula mmoja, na kumaliza kazi kwa kupeleka mchezaji Dar kungekuwa heshima. Lakini nilijua pia njia ile inaishia wapi, maana nilishampitisha humo binti wa watu.

Jioni ile Josiane alikuja ofisini akiwa bado na sare ya kazini. Belyse alikuwa amemwambia yote.

"Mwalimu, huku milimani miye sina kaka wala baba wa kumuuliza. Nakuuliza wewe. Huyu mtoto anaweza, au ni maneno ya simu?"

"Sijui, mama," nikamjibu. "Ningekuwa najua ningekwambia."

Alinitazama, akatikisa kichwa. "Afadhali hivyo. Wote wanaojua wamenichosha."

Uamuzi haukuwa wangu wala wa Shafii. Kesho yake Belyse alikuja na spana aliyoiazima kwa mtu wa pikipiki, akaniwekea mezani. "Pandisha," akasema. Bolti zilikuwa zimekula kutu. Tuliziloweka mafuta ya taa, na Shafii ndiye aliyepanda, uso umekunjamana, akazilegeza moja moja. Tulipandisha ubao, tukapima, tukakaza. Timu nzima ilisimama kutazama. Belyse akarusha, ukagonga chuma. Akarusha tena, ukagonga chuma. Alirusha mpaka wenzake wakaanza kutazama ardhi, na iliyoingia ilikuwa ya kuhesabika. Akauweka mpira chini bila kuupiga teke, akaenda bwenini. Siku mbili hakuja mazoezini.

Siku hizo mbili nilikaa na daftari. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia kocha kwa simu ili asipoteze safari. Nilifungua ukurasa wa Belyse, nikafunga. Kisha, kwa uvivu tu, nikafungua wa Mwanaidi. Mwanaidi ni mtoto mdogo wa kutoka Bumbuli, mwoga, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akifunga kwa nadra. Wino wake mwekundu ulikuwa umeongezeka. Nikafungua wa pili, wa tatu, wa nne. Wote walikuwa wanafunga zaidi, na si mazoezini tu: kwenye mechi, ugenini, kwenye ringi za watu zilizo sawa. Kule Mombo, ambako Belyse alikosa kila kitu, tulishinda. Nilikuwa nimesherehekea ushindi ule bila kujiuliza ulitoka wapi.

Miaka yote ile nilikuwa nahesabu nani ametupa na umeingia au haukuingia. Sikuwahi kuandika nani aliyempa mpira. Mwalimu Shemboko hakunifundisha, nami sikufikiri.

Nilimwita Mwanaidi. "Siku hizi unafungaje?"

Alidhani amekosea. "Mwalimu, sijui. Nikifika mahali pazuri nakuta mpira umeshafika."

"Nani anaupeleka?"

"Si ni Belyse!" alisema, kama kwamba nimemuuliza nani anawasha jua.

Nilimfuata Belyse bwenini, matroni akamtoa nje. Alikuwa na macho mekundu. Nilimuuliza anajuaje Mwanaidi atakuwa wapi kabla Mwanaidi mwenyewe hajajua.

Alifikiri. "Nilipokuja walikuwa wanaitana Kishambaa. Sikusikia kitu. Nikiangalia mdomo, naachwa. Basi nikaanza kuangalia miguu. Mguu wa Mwanaidi wa kushoto ukifunguka hivi," akanionyesha kwa kiatu chake, "anataka kukimbia kule. Yeye hajui. Mguu unajua."

"Na uchoyo uliuacha lini?"

Alicheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu siku ya ngazi. "Nilikuwa naushika mpira kwa sababu sikujua nimpe nani. Sasa nawajua."

Nilirudi ofisini nikachora safu mpya kwenye daftari. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa.

Kocha Mwasiti alifika Jumamosi, mama mnene mwenye kicheko, amejifunga kanga mbili juu ya koti kwa baridi. Uwanja ulijaa. Tulicheza na shule ya jirani. Belyse alirusha mpira wa kwanza, akakosa. Wa pili, akakosa. Watu waliokuja kumwona Twiga akining'inia wakaanza kuguna. Robo ya kwanza ilipokwisha, kocha alinigeukia.

"Mwalimu, huyu ndiye yule wa kwenye simu?"

Shafii alikuwa amekaa upande wangu wa pili. Nilimwona ameshika magoti. Kabla sijafungua mdomo, akasema yeye. "Ndiye, mama. Ringi yetu ilikuwa fupi kwa shubiri. Tulikuwa hatujui. Tulipojua, mimi niliomba tusiipandishe mpaka uondoke. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka ipandishwe." Kisha akaongeza, "Samahani kwa safari."

Kocha hakucheka. Aligeuka akautazama uwanja, na sasa nikaona anatazama kwa namna nyingine, mwili wote umetulia. Belyse aliupokea mpira, uso wake umeelekea kulia, na mpira ukaondoka kushoto bila yeye kugeuka. Mwanaidi alikuwa pale. Ukaingia. Dakika haikupita, akafanya tena kwa mwingine. Nyuma yetu bibi mmoja wa kijijini, ambaye nadhani hakujua sheria hata moja, akapaza sauti kwa Kishambaa, "Hongea, mwanangu! Hongea!", akimshukuru kama mtu aliyegawa chakula. Bibi yule ndiye wa kwanza kuona, kabla ya walimu wote.

Mechi ilipoisha kocha aliniuliza, "Nani aliyemfundisha kutoa pasi vile?"

Hapo ndipo mwalimu hujaribiwa, vijana wangu. "Si mimi," nikasema. "Mimi nilimwandika mchoyo."

Alituambia mbele ya Josiane kwamba alikuja kutafuta mfungaji, na mfungaji hakumwona. Alichokiona ni adimu zaidi, ila kitachukua muda, na kutupa bado hajui. Hatamchukua sasa. Amalize kidato cha nne hapa hapa. Likizo aje Dar kufanya mazoezi, na akifaulu mitihani ndipo nafasi itakuwa yake. Josiane alimshika mkono kwa mikono miwili. Belyse alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama likizo anaweza kuja na Mwanaidi, kwa kuwa kule miguu ya watu hajaijua bado. Kocha akaangua kicheko, akakubali.

Nilistaafu muhula ule ulipokwisha. Waliniaga kwa wali, hotuba, na blanketi. Belyse alibaki na Shafii, ambaye sasa ana futi yake mwenyewe na anapima ringi kila mvua zikikatika. Msichana alifaulu mitihani, si kwa maajabu, alifaulu tu, akashuka Dar.

Mwaka huu nilikwenda kwa binti yangu huko, nikaomba nipelekwe kwenye mechi ya Belyse. Nilikaa katikati ya watu nisiowajua, joto linanitoa jasho mpaka kwenye kope. Kijana jirani yangu alikuwa mjuzi wa kila kitu. "Huyo Mrundi mrefu wanamsifia bure," alimwambia mwenzake. "Tangu tumekaa hajafunga hata mara moja. Ni kelele za mtandaoni tu." Mwenzake akakubali. Zamani ningemwunga mkono. Baadaye kidogo ningembishia. Sikufanya lolote.

Zimebaki sekunde chache, matokeo ni sare, Belyse akaupata mpira. Watu wawili wakamrukia. Aliangalia kulia, mpira ukatoka kushoto, chini kabisa, ukapita kati yao hadi kwa msichana mmoja mfupi aliyekuwa peke yake kama aliyesahauliwa. Msichana akafunga. Kijana jirani yangu aliruka juu kumshangilia mfungaji, akaimwaga soda yake yote kwenye viatu vyangu. Hakutambua, nami sikumwambia. Nilikuwa namtazama Belyse, ambaye alikuwa ameshageuka, anakimbia kurudi kukaba, kama mtu ambaye hakufanya kitu.